Aliwahi Kutumia, au Anatumia? Dawa za Kulevya na Kibali cha Usalama cha Marekani

Matangazo ya ajira katika Jeshi la Polisi la Tanzania yamekuwa yakibeba, pamoja na masharti ya umri na elimu, sharti moja lisiloacha nafasi ya maelezo: mwombaji awe hajawahi kutumia dawa za kulevya za aina yoyote. Sharti hilo halimuulizi mtu alitumia nini, mara ngapi, wala lini. Linamtaka awe upande mmoja au mwingine, na kijana yeyote wa Ngamiani au Makorora, hapa Tanga, anayeitaka kazi hiyo anajua ni upande upi unaotakiwa. Hivyo ndivyo wengi wetu wa mwambao tulivyozoea kulisikia swali la dawa za kulevya linapotoka serikalini, na mazoea hayo, kwa maoni yangu, ndiyo yanayowaponza ndugu zetu waliohamia Marekani pindi wanapofikia kujaza fomu ya kibali cha usalama cha serikali ya huko.

Jambo lenyewe haliko mbali na Tanga kama linavyosikika. Wapo walioondoka kwa bahati nasibu ya viza, wapo waliofuata wenzi wao, na wapo waliokwenda kusoma wakabaki. Baada ya miaka mitano ya ukaazi wa kudumu, au mitatu kwa aliyeoa au kuolewa na raia na wakaendelea kuishi pamoja, mtu huweza kuomba uraia, na akishaupata hufunguliwa kazi ambazo awali zilikuwa zimefungwa kwake: fundi wa mitambo katika kiwanda cha kutengeneza meli za kivita, mtaalamu wa kompyuta katika kampuni yenye zabuni ya Wizara ya Ulinzi, mkalimani, askari wa kitengo cha mawasiliano. Hapo ndipo simu hupigwa nyumbani. "Mjomba, shikamoo. Huku wananiuliza kama nilishawahi kuvuta bangi, niandike nini?" Na mjomba, kwa nia njema kabisa, hujibu: "Marahaba, mwanangu. Andika hapana, nani atakuja Chumbageni kuuliza?" Ushauri huo unakwenda kinyume na namna mfumo wenyewe unavyofanya kazi, na ili kuona kwa nini, ni lazima kwanza tuelewe kinachoulizwa hasa.

Kibali cha usalama ni uamuzi wa serikali ya Marekani kwamba mtu fulani anaweza kuaminiwa kuziona taarifa zake za siri, ambazo zimegawanywa katika ngazi tatu: za faragha, za siri na za siri kuu. Hakifanani na cheti cha tabia njema ambacho polisi wetu humpa mtu baada ya kuchukua alama zake za vidole, kwa maana cheti hicho husema tu kama kuna kumbukumbu za jinai zinazomhusu. Kibali hutokana na upekuzi, yaani uchunguzi wa maisha ya mtu, madeni yake, safari zake, ndugu zake walio nje na mwenendo wake, ikiwa ni pamoja na mambo ambayo hayakufika polisi hata siku moja. Kwa kawaida hupewa raia pekee. Wala si haki ya mtu: katika kesi iliyoihusu Wizara ya Jeshi la Majini na kibarua mmoja wa kituo cha nyambizi, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1988 kwamba hakuna mwenye haki ya kupewa kibali, na kwamba palipo na shaka, shaka hiyo huamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa. Ni vyema kukumbuka kwamba kibarua huyo hakubanwa na makosa yake ya zamani na tatizo la pombe peke yake. Alibanwa pia kwa kutoyataja baadhi ya makosa hayo.

Vigezo vinavyotumika sasa ni 13, vilivyopewa herufi A hadi M, navyo vimo katika mwongozo wa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa ulioanza kutumika tarehe 8 Juni 2017. Kigezo H kinahusu dawa za kulevya na matumizi mabaya ya dawa za hospitali. Kigezo G kinahusu pombe, na kigezo E, ambacho tutakirudia kwa sababu ndicho chenye meno makali zaidi, kinahusu mwenendo na ukweli wa mtu. Mwongozo huu unapatikana hadharani na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuusoma. Anayeutafuta ndani yake mstari unaosema "aliyewahi kutumia asipewe" hataupata.

Mstari uliopo ni mwingine. Sheria iliyopitishwa na bunge la Marekani mwaka 2008 inazuia kibali kupewa mtu ambaye anatumia dawa za kulevya kinyume cha sheria au ambaye ni mraibu kwa wakati huo. Kizuizi hicho kinamhusu anayetumia, hakimhusu aliyewahi kutumia kisha akaacha. Wa kwanza mlango umefungwa kwake kwa sheria. Wa pili hupimwa, na matokeo ya kipimo hicho hutegemea alitumia nini, kwa wingi gani, akiwa na umri gani, alikoma lini, na kitu gani kinaonyesha kwamba hatarudia. Mpimaji huagizwa kumtazama mtu kwa ujumla wake, mema na mabaya, ya zamani na ya karibuni. Hakuna idadi ya miaka iliyowekwa kwamba ikipita mtu ametakasika. Mtu aliyevuta bangi mara chache akiwa chuoni, akaacha, na ambaye leo ana kazi na familia, kwa kawaida hana sababu ya kuogopa sana. Aliyetumia kokeini mwaka jana ana safari ndefu, na aliyeuza, hata kama hakutumia, ana safari ndefu zaidi.

Sasa tuiangalie fomu yenyewe, ile inayojulikana kwa namba yake ya SF-86. Sehemu yake ya 23 inauliza kama katika miaka saba iliyopita mtu ametumia dawa za kulevya kinyume cha sheria, na inafafanua kwamba kuonja tu nako ni kutumia. Inauliza, kwa miaka saba hiyo hiyo, kama alinunua, alilima, alisafirisha, alipokea au aliuza, na kama alitumia kwa makusudi dawa za hospitali kinyume na maelekezo ya daktari. Halafu yapo maswali yasiyo na kikomo cha miaka, na hapa ndipo wengi hujikwaa kwa kudhani kwamba miaka saba inatawala fomu nzima. Je, aliwahi wakati wowote kutumia akiwa tayari na kibali? Je, aliwahi kutumia akiwa polisi, mwendesha mashtaka, mtumishi wa mahakama au katika kazi inayogusa moja kwa moja usalama wa umma? Je, aliwahi kuagizwa au kushauriwa kutafuta tiba, au kuitafuta mwenyewe kwa hiari? Fomu mpya iliyoidhinishwa mwaka 2023 kuchukua nafasi ya hiyo inaitenga bangi na dawa nyingine katika maswali yake. Kwa hiyo shauri la kwanza kwa anayejaza ni kusoma swali lililo mbele yake, asijibu lile alilosimuliwa na aliyejaza miaka mingi iliyopita.

Kuna ahadi moja katika sehemu hiyo ya fomu ambayo nadhani haifahamiki vya kutosha: majibu ya kweli yanayotolewa hapo hayatatumiwa kama ushahidi dhidi ya mjazaji katika kesi ya jinai. Serikali inayotoa ahadi ya namna hiyo haitafuti mtu wa kumfunga kwa kilichopita. Inatafuta kujua kama inaambiwa kweli.

Kuhusu bangi, utata unatokana na sheria za tabaka mbili. Tangu wapiga kura wa majimbo ya Colorado na Washington walipoihalalisha mwaka 2012, majimbo mengi yamefuata, na mgeni anayeona duka la bangi lenye kibao na taa huamini kwamba mambo yamekwisha. Hayajaisha, kwa kuwa kibali hutolewa na serikali kuu na sheria ya serikali kuu haijaihalalisha. Na fomu yenyewe inasema wazi kwamba swali linafuata sheria ya serikali kuu, hata kama jimbo linaruhusu. Mwaka 2014 James Clapper, aliyekuwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, alizikumbusha taasisi zote jambo hilo. Mwezi Desemba 2021 Avril Haines, aliyekishika cheo hicho baadaye, alitoa waraka uliolegeza kidogo: matumizi ya zamani ya bangi yazingatiwe lakini yasiwe peke yake yenye kuamua, na waombaji washauriwe kuacha tangu upekuzi unapoanza, yaani wanapotia saini fomu. Waraka huo ulionya pia kuhusu mafuta na vinywaji vinavyotengenezwa kwa mmea huo na kuuzwa kama dawa za maumivu au usingizi, kwani baadhi yake hubeba kilevi kinachotosha kuonekana katika vipimo vya mkojo.

Mirungi ndiyo inayotuhusu sisi zaidi, na ndiyo isiyozungumzwa kabisa. Mtu wa Tanga anaishi karibu na mpaka ambapo jambo lile lile ni kosa upande mmoja na biashara upande wa pili. Ukiwa Horohoro, upande wa Tanzania, mirungi ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na mashamba yake kule Same yamekuwa yakiteketezwa na mamlaka. Ukivuka kuingia Lunga Lunga, upande wa Kenya, ni zao halali linaloshuka kutoka Meru na kuuzwa Mombasa mchana kweupe. Huko Uingereza iliuzwa madukani hadi mwezi Juni 2014 ilipopigwa marufuku. Kijana aliyekulia katika mazingira hayo, akaenda harusini Mombasa akakaa na ami zake barazani usiku kucha wakitafuna, hawezi kulaumiwa kwa kuamini kwamba hilo si suala la dawa za kulevya.

Marekani inalitazama tofauti. Kiini kinachoyapa majani hayo nguvu, kathinoni, kimo katika daraja la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, daraja lenye heroini pia, tangu mwaka 1993. Kathinoni hupungua kadiri majani yanavyokauka na kuacha kiini hafifu zaidi kiitwacho kathini, kilicho katika daraja la nne, na ndiyo maana mirungi mibichi huhesabiwa kuwa na uzito mkubwa kuliko mikavu. Kwa hiyo aliyetafuna Tanga ndani ya miaka saba anakabiliwa na swali ambalo jibu lake ni ndiyo: ni kosa hapa na ni kosa kule. Aliyetafuna Mombasa tu, ambako si kosa, ana hoja ya kisheria, kwa sababu swali linasema "kinyume cha sheria". Hata hivyo mwongozo wa kigezo H unazifafanua dawa zinazodhibitiwa kwa kufuata sheria ya Marekani, na mimi ningemshauri ataje na kueleza mazingira badala ya kuitegemea hoja hiyo kimyakimya. Maelezo ya sentensi nne kuhusu desturi ya harusi za pwani hayajamnyima mtu usingizi. Ila kugundulika kwamba aliyaficha, hapo kuna kazi. Na aliyekwisha kupata kibali, akaja likizo nyumbani akawekewa kifungu cha mirungi mbele yake, ajue kwamba matumizi akiwa na kibali ni miongoni mwa mambo mazito kabisa katika kigezo hicho, kwamba swali lake halina kikomo cha miaka, na kwamba safari hiyo ya Tanga yenyewe ni jambo analotakiwa kuliripoti.

Kwa aliyepitia uraibu wa heroini hesabu ni nyingine. Unga uliingia mwambao huu ukaondoka na vijana wengi, na familia za Tanga hazihitaji kusimuliwa. Huduma ya methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini ili aachane na unga, ilianza nchini mwezi Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na baadaye ikafika mikoani, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Bombo hapa Tanga. Zipo pia nyumba za upataji nafuu. Tiba ya namna hii, dawa ikiandikwa na daktari na kunywewa mbele ya mhudumu, si matumizi haramu. Kigezo H kinautambua uraibu uliothibitishwa na wataalamu kama jambo la kutia shaka, lakini kinataja vilevile, kama jambo la kupunguza uzito, mtu kumaliza tiba aliyopangiwa pamoja na ufuatiliaji wake, bila kurudia, na mtaalamu wa afya mwenye sifa kutoa maoni mazuri kuhusu mustakabali wake. Kuacha tiba katikati kinyume cha ushauri, kwa upande mwingine, kumetajwa kama dosari inayojitegemea.

Maana yake ni kwamba karatasi za kliniki, ambazo wengi wangependa zipotee, zinaweza kuwa ushahidi bora kuliko wote alio nao mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inampa mwenyewe haki ya kuzipata. Ni busara kuomba muhtasari wa tiba mapema, kabla daktari aliyemhudumia hajahamishwa. Mwongozo unataja pia mambo mengine yanayosaidia: kuachana na marafiki wanaotumia, kuhama mazingira yaliyomvuta, na kutia saini tamko la kutorudia akikubali kwamba akirudia atanyang'anywa kibali. Kuhama Tanga kwenda Ohio, ningesema, ni kubadilisha mazingira kwa kiasi cha kutosha, mradi mtu hakuyahamisha mazingira hayo pamoja naye.

Turudi kwa mjomba na ushauri wake wa kuandika hapana. Kudanganya kwa makusudi katika fomu hiyo ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka mitano, na katika upimaji huhamisha shauri kutoka kigezo H, ambacho muda hukipunguzia makali, kwenda kigezo E, ambacho muda haukisaidii kwa urahisi huo. Bangi ya miaka mitano iliyopita ni jambo la miaka mitano iliyopita. Uongo kuhusu bangi hiyo ni wa leo, umetiwa saini leo. Wala haihitajiki mtu wa kuja Chumbageni. Wapekuzi huzungumza na waliosoma, kufanya kazi na kuishi na mwombaji huko huko Marekani, na watu wa mwambao walio ughaibuni katika mji mmoja hujuana hadi kwa majina ya utani. Baadhi ya taasisi humweka mwombaji kwenye mashine ya kupima uongo, na wengi huyasema hapo yale waliyoyakana katika fomu. Kigezo E kinampa nafuu aliyekosea akafanya haraka kurekebisha kabla hajakabiliwa na ukweli, lakini nafuu hiyo humpita anayengoja kubanwa.

Kwa aliyehamia, kuna fundo jingine ambalo mzaliwa wa Marekani hana. Kabla ya kibali alikwisha kujibu maswali mara kadhaa: katika uchunguzi wa afya wa viza ya uhamiaji, ambao huuliza kuhusu dawa za kulevya, na katika fomu ya kuomba uraia, ambayo huuliza kama aliwahi kutenda kosa hata kama hakukamatwa. Akiwa aliandika hapana huko, kisha leo aandike ndiyo kwa tukio la miaka hiyo hiyo, majibu mawili yatakutana, na uraia uliopatikana kwa kuficha jambo la msingi unaweza kufutwa na mahakama. Tena kwa ambaye bado ni mkaazi tu, kukiri kosa la dawa za kulevya kunaweza kumwathiri katika uhamiaji wenyewe. Unafuu ulioandikwa katika masharti ya maadili mema ya mwombaji uraia ni wa kosa moja tu la kupatikana na bangi isiyozidi gramu 30. Mtu mwenye fundo la namna hii asilitatue kwa simu ya mjomba wala kwa makala kama hii. Amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza neno lolote, kwani uhuru alio nao wa kunyamaza na kutafuta ushauri haufanani na kudanganya.

Ndugu waliobaki Tanga huuliza kama mwanafamilia anayetumia unga atamharibia aliye Marekani. Kwa kawaida hapana, si kwa jambo hilo pekee. Fomu inawataka wazazi na ndugu watajwe, na kigezo B kinaangalia kama kuna mtu wa nje anayeweza kutumiwa kumshinikiza mwenye kibali. Ndugu mgonjwa anayesaidiwa si tishio, ila ndugu anayeuza, na ambaye fedha zinazotumwa kutoka Marekani zinapita mikononi mwake, atazusha maswali.

Watu huchanganya pia kibali na ajira. Taasisi inaweza kuwa na masharti yake makali kuliko ya kibali: Idara ya Upelelezi ya Marekani, FBI, haimwajiri aliyetumia bangi ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, wala aliyetumia dawa nyingine haramu ndani ya miaka 10. Aliyekataliwa hapo hajanyimwa kibali. Amekataliwa kazi, na anaweza kupata kibali kwingineko.

Kibali kikielekea kukataliwa, mwombaji hupewa hati yenye sababu, kigezo kwa kigezo. Kwa wafanyakazi wa kampuni zenye zabuni za Wizara ya Ulinzi, majibu hutakiwa ndani ya siku 20, na mtu anaweza kudai kusikilizwa na jaji wa shauri hilo, akaleta mashahidi na karatasi zake, kisha akakata rufaa akishindwa. Hukumu hizo huchapishwa bila majina, na kwa anayetaka kujua mizani inavyolala kwa kweli hakuna masomo bora kuliko hayo: ataona waliokiri mambo mazito wakipita na waliokana mambo madogo wakianguka. Anayeshindwa hadi mwisho anaweza kufikiriwa tena baada ya mwaka mmoja, ilimradi awepo mwajiri wa kumdhamini, kwa kuwa kibali hakiombwi na mtu kwa hiari yake. Na fomu atakayoijaza wakati huo itamuuliza, bila kikomo cha miaka, kama aliwahi kunyimwa kibali.